Kifuniko kuvuta si usalama: ufafanuzi wa kusindika maharage na mboga kwenye chupa za kioo

Chupa ya maharage ikianza kupoa mezani, kifuniko chake hubonyea ndani na kutoa mlio mfupi, "tak". Aliyeisindika hutabasamu: imevuta, imefunga, kazi imekwisha. Lakini mlio ule unathibitisha jambo moja tu, kwamba hewa haiingii. Hausemi lolote kuhusu kilichobaki hai ndani. Na kwa vyakula kama maharage, karoti, njegere, viazi na mboga za majani, chupa isiyo na hewa ndiyo nyumba anayoitafuta kiumbe hatari kuliko wote katika kazi hii.

Dhana kwamba siri ya chakula cha chupa ni kuzuia hewa ina miaka zaidi ya 200. Nicolas Appert, mpishi wa Ufaransa, alichapisha mbinu yake mwaka 1810: chakula kwenye chupa, kizibo, kisha chupa zichemshwe majini. Mbinu ilifanya kazi, lakini yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Mwanakemia Joseph Gay-Lussac aliichunguza, akahitimisha kwamba chakula hakiozi kwa sababu oksijeni imeondoka. Ilibidi afike Louis Pasteur, nusu karne baadaye, ndipo watu waelewe kwamba chakula huharibiwa na vijidudu, na kinachokiokoa ni joto. Kifuniko kazi yake ni kuwazuia wengine wasiingie baada ya joto kuwamaliza waliokuwemo.

Kiumbe chenyewe ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo yuko kwenye karibu kila kitu kinachotoka shambani. Kwenye hewa hana madhara makubwa, amejikunyata ndani ya gamba gumu liitwalo spora. Lakini mpe mambo manne kwa pamoja, yaani unyevu, joto la kawaida la chumbani, upungufu wa asidi na kutokuwepo kwa oksijeni, naye hufungua gamba, hukua na kutoa sumu inayolemaza misuli. Chupa ya maharage iliyochemshwa tu kisha ikafungwa inampa yote manne. Maji ya moto yameua washindani wake wote, yakafukuza hewa, yakamwachia yeye uwanja mtupu.

Asidi ndiyo inayogawa vyakula makundi mawili. Mpaka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi). Chini ya hapo, spora haiwezi kuamka, na ndiyo maana jamu, matunda mengi na achari ya siki husindikwa kwa maji yanayochemka bila wasiwasi. Juu ya hapo ni eneo la hatari, na mboga zote za kawaida ziko huko, maharage makavu yakiwa karibu na pH 6. Nyanya zimekaa mpakani kabisa, nyingine huku, nyingine kule, hata zikiwa za mti mmoja. Kwa hiyo nyanya huongezewa asidi kila mara: vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau ya chupa ya dukani kwa kila chupa ya mililita 950, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Limau la kukamua mwenyewe halifai hapa kwa sababu ukali wake hubadilika tunda hadi tunda.

Muda hauwezi kuziba pengo la joto

Swali linalorudi kila mara ni hili: kama dakika 90 kwenye sufuria ya presha zinatosha, kwa nini saa 3 za kuchemsha zisitoshe? Jibu liko kwenye hesabu. Spora za bakteria huyu zikiwa kwenye joto la nyuzi 121, dakika 3 hivi zinatosha kuzimaliza kwa kiwango kinachokubalika viwandani. Kila joto linaposhuka nyuzi 10, muda unaohitajika huzidishwa mara 10 hivi. Kwenye nyuzi 111 unahitaji nusu saa. Kwenye nyuzi 101 unahitaji saa 5, tena hizo zihesabiwe baada ya kitovu cha chupa kufikia joto hilo, si tangu maji yalipoanza kutokota. Na maji kwenye sufuria ya wazi hayapiti nyuzi 100 hata ukiongeza moto kiasi gani. Moto wa ziada huzaa mvuke wa ziada, basi.

Njia pekee ya kuyapandisha ni kuyabana. Kwenye sufuria ya presha, shinikizo la pauni 10 kwa kila inchi ya mraba (PSI 10, sawa na kilopaskali 69) huyafikisha nyuzi 116 hivi, na PSI 15 huyafikisha 121. Presha yenyewe haiui chochote. Ni ngazi tu ya kulifikia joto.

Hapo ndipo mwinuko wa mahali unapoingia. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, maana hewa ya huko inakandamiza kidogo. Geji ya sufuria hupima tu shinikizo lililozidi lile la nje, kwa hiyo PSI 11 za mlimani zina joto dogo kuliko PSI 11 za pwani. Hulipi deni hili kwa kuongeza dakika, unalipa kwa kuongeza presha. Kwa geji ya mshale: PSI 11 mpaka mita 610, 12 mpaka mita 1,220, 13 mpaka mita 1,830, na 14 mpaka mita 2,440. Sufuria zinazotumia chuma cha uzito juu ya tundu la mvuke hazina hatua hizo ndogondogo: ni PSI 10 mpaka mita 305, na ukipita hapo ni 15 moja kwa moja.

Adui wa pili wa joto ni hewa iliyobaki ndani ya sufuria, na huyu hupuuzwa na wengi. Hewa ikichanganyika na mvuke, nayo inachangia presha, hivyo mshale unasoma 11 wakati joto halijafika lilipotakiwa. Ndiyo sababu ya kuacha mvuke utoke kwa dakika 10 kamili, ukivuma kama filimbi nene bila kukatika, kabla hujaweka chuma cha uzito. Dakika hizo 10 huhesabiwa kwa saa, si kwa hisia. Asiyezitimiza anakuwa na geji inayosema kweli kuhusu presha na uongo kuhusu joto.

Vyombo

Sufuria ya presha ya kusindikia si ile ndogo ya kupikia nyama. Inapaswa kumeza angalau chupa 4 za mililita 950 zikiwa zimesimama. Ukubwa huu haukuwekwa kwa fahari: sufuria kubwa hupata moto polepole na kupoa polepole, na vipindi hivyo viwili vya polepole vimehesabiwa ndani ya muda wa mapishi. Sufuria ndogo hupoa haraka mno, chupa zikakosa sehemu ya joto lao. Vyombo vya umeme vya kupikia kwa presha vina kasoro hiyohiyo. Oveni nayo haifai kabisa, kwa sababu hewa kavu haipenyezi joto kama mvuke, na chupa huweza kupasuka.

Geji ya mshale ipimwe kila mwaka, kwa kuwa mshale huchoka. Chuma cha uzito hakichoki. Raba ya mfuniko iwe laini isiyo na nyufa, na tundu la mvuke lionekane peupe ukiliangalia dhidi ya mwanga.

Chupa ziwe za kusindikia, zenye mdomo mpana usio na pengo hata la ukubwa wa punje ya ulezi. Vifuniko bapa vyenye utepe wa kubania hutumika mara moja tu. Pete ya chuma inayovishikilia hutumika tena mpaka ishike kutu. Muda uliopimwa upo kwa saizi mbili za kawaida, takriban nusu lita na takriban mililita 950. Chupa ya katikati ya hizo itumie muda wa kubwa. Inayozidi hapo isitumike kwa mboga.

Maharage makavu, hatua kwa hatua

Chupa moja ya mililita 950 inakula wastani wa gramu 340 za maharage makavu, kwa hiyo chupa 7 zinahitaji kilo 2.4 hivi. Chambua, osha, loweka kwenye maji baridi kwa saa 12 hadi 18, kisha mwaga maji hayo. Mwenye haraka achemshe maharage kwa dakika 2, azime moto, ayaache saa 1, kisha amwage maji. Baada ya hapo weka maji mapya na uchemshe kwa dakika 30.

Kuna wanaoruka hatua hizi kwa kumimina maharage makavu moja kwa moja chupani na kujazia maji, wakisema yataivia humohumo. Tazama kinachotokea. Punje kavu hunywa maji na kuongezeka maradufu. Baada ya muda, maji ya chupa yameisha, punje zimebanana kama zege, na joto ambalo lilikuwa likisafirishwa na maji yanayozunguka sasa linatambaa punje hadi punje. Pembeni pameiva, katikati bado. Muda wa mapishi ulipimwa kwa chupa yenye maji yanayozunguka, na chupa hii si hiyo tena. Kufunga itafunga vizuri tu.

Wakati maharage yanachemka, weka maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8 kwenye sufuria ya presha, pamoja na wavu wa chini ili chupa zisigusane na kitako. Pasha chupa kwa maji ya moto. Hazihitaji kuchemshwa kuua vijidudu, joto la presha litafanya hivyo, ila chupa baridi ikipokea maharage yanayotokota kitako chake huachia.

Jaza maharage hadi robo tatu ya chupa, kisha mimina maji yake ya kupikia mpaka ibaki nafasi tupu ya sentimita 2.5 chini ya ukingo. Ipime, usikadirie. Nafasi hiyo ikiwa ndogo, chakula kinachovimba husukuma uji wake mpaka chini ya kifuniko na kuzuia kisishike. Chumvi ni ya ladha tu: nusu kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, kimoja kwa kubwa, na ukiiacha hakuna kinachoharibika. Pitisha kijiti cha mbao au plastiki pembezoni kutoa mapovu ya hewa, angalia tena ile nafasi na uongeze maji ikibidi. Futa ukingo kwa kitambaa safi chenye unyevu. Weka kifuniko, zungusha pete kwa ncha za vidole mpaka igome, uishie hapo. Ukikaza kwa nguvu za mkono mzima, hewa ya ndani hukosa njia ya kutoka na kifuniko hukunjamana.

Panga chupa, funga mfuniko wa sufuria, washa moto mkali. Mvuke ukianza kuvuma, hesabu zile dakika 10, weka chuma cha uzito, na subiri presha ifike panapotakiwa. Hapo tu ndipo muda unaanza: dakika 75 kwa chupa za nusu lita, 90 kwa za mililita 950. Moto upunguzwe kidogokidogo ili presha itulie. Ikishuka chini ya kiwango hata dakika ya 85, irudishe juu na uanze kuhesabu upya kuanzia sifuri. Inauma, hasa usiku, lakini hakuna njia ya kujua joto lililopotea ni kiasi gani.

Muda ukitimia, zima moto na usiguse. Usimwagie sufuria maji, usinyanyue chuma cha uzito. Presha ishuke yenyewe hadi sifuri, jambo linaloweza kuchukua dakika 30 hadi 45, kisha ondoa chuma na usubiri dakika 10 zaidi ndipo ufungue, mfuniko ukiuelekeza mbali na uso. Chupa zitolewe zikiwa wima, hata kama kuna maji juu ya kifuniko, zikae juu ya kitambaa, zikiachana sentimita 2.5 au zaidi, kwa saa 12 hadi 24. Usikaze pete tena wakati huu. Utepe bado ni laini, na kuukaza ndiko kunakouvunja.

Mboga nyingine, na kwa nini muda hutofautiana

Mtu akiona maharage machanga yenye maganda yanapewa dakika 20 kwa chupa ya nusu lita na 25 kwa kubwa, na spinachi inapewa 70 na 90, huona kama mzaha. Jani laini lihitaji muda mara tatu ya ganda gumu? Ugumu wa mboga hauhusiki. Kinachohusika ni namna joto linavyofika katikati. Vipande vya maganda vina mianya, maji hupanda na kushuka kati yake na kubeba joto. Majani yakinywea hulaliana kama kurasa za daftari lililolowa, maji hayapiti. Mahindi ya punje hutoa maziwa ya wanga yanayofanya maji kuwa mazito, ndiyo maana yanachukua 55 na 85.

Karoti zilizomenywa na kukatwa zina dakika 25 na 30. Bamia 25 na 40, bitiruti 30 na 35, viazi mviringo vilivyomenywa 35 na 40, viazi vitamu 65 na 90. Njegere zilizoambuliwa ni 40 kwa saizi zote mbili. Boga ni 55 na 90, likiwa vipande vya sentimita 2.5 vilivyochemshwa dakika 2 kwanza. Boga lililopondwa halina muda wowote salama wa nyumbani, kwa maana uzito wa rojo hutofautiana kila sufuria. Kwa sababu hiyohiyo usitie unga, wali, tambi, siagi wala mafuta kwenye chupa yoyote ya mboga. Ukitaka mchuzi mzito, ufanye mzito siku ya kula.

Chupa ya mchanganyiko hufuata muda wa kiungo chenye muda mrefu zaidi. Karoti zikikaa na mahindi, ni muda wa mahindi.

Yanayoharibika

Malalamiko ya kwanza daima ni maji kupungua chupani. Sababu kuu ni presha iliyokuwa ikipanda na kushuka, au sufuria iliyopozwa kwa nguvu: nje kunapungua ghafla, ndani ya chupa kunatokota, maji yanasukumwa nje. Mapovu yaliyoachwa na chupa iliyojazwa mno pia huchangia. Kama kilichopotea hakifiki nusu na kifuniko kimeshika, chakula ni salama, ingawa kilichobaki juu ya maji kitabadilika rangi. Usifungue kuongeza maji. Kama ni nusu au zaidi, chupa hiyo iende kwenye friji na iliwe ndani ya siku 2 au 3.

Maji yenye ukungu mara nyingi ni wanga wa maharage yaliyokomaa sana, maji yenye chokaa, au chumvi ya mezani yenye viungo vya kuzuia kugandamana. Lakini ukungu ukiambatana na mapovu yanayopanda, hiyo si wanga. Punje zilizovurugika ni za maharage ya zamani au yaliyochemshwa kupita dakika 30.

Chupa isiyovuta ndani ya saa 24 ina njia mbili: friji, au kusindikwa upya kwa kifuniko kipya na muda wote kamili. Kujua kama imevuta, ondoa pete na bonyeza katikati ya kifuniko. Kisipocheza wala kulia, kimeshika. Osha chupa, andika jina na tarehe, hifadhi bila pete mahali pakavu penye giza na ubaridi, nyuzi 10 hadi 21, na utumie ndani ya mwaka. Pete inaachwa nje kwa sababu mbili: hushika kutu, na inaweza kushikilia kifuniko kilichokwisha kuachia, ukadanganyika.

Kifuniko kilichovimba, maji yanayoruka wakati wa kufungua, povu au harufu ngeni ni ishara za kutupa bila kuonja hata kwa ncha ya ulimi. Lakini sumu ya Clostridium botulinum inaweza kuwepo bila ishara yoyote. Chupa iliyovimba ikiwa bado imefungwa, ifungie kwenye mfuko imara na itupwe pasipofikiwa na watu wala wanyama. Iliyovuja ilazwe kwenye sufuria, ifunikwe na maji, ichemshwe dakika 30, ndipo itupwe. Palipomwagikiwa paloweshwe kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu 5 za maji, kwa nusu saa.

Sumu yenyewe, tofauti na spora, huvunjika kwa kuchemshwa. Kwa hiyo mboga za chupa huchemshwa dakika 10 kabla ya kuliwa, ukiongeza dakika 1 kwa kila mita 305 za mwinuko. Huo ni ukuta wa pili kwa chupa iliyosindikwa sawasawa. Chupa unayojua ilikatishwa muda haiokolewi hivyo, inatupwa. Na mtu aliyekula akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baadaye, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na chakula alichokula kitajwe, kwa kuwa dawa ya kuzuia sumu hufanya kazi zaidi ikiwahi.

Asiye na sufuria ya presha bado ana njia. Maharage yaliyochemshwa yakaiva hugandishwa vizuri kwenye friza, yakiwa na maji yake na nafasi tupu juu ya kutanukia. Karoti na maharage machanga huenda kwenye siki ya asilimia 5, kwa vipimo vya mapishi ya achari yaliyopimwa, bila kuipunguza siki kwa sababu ni kali mdomoni. Ukitaka makali yapungue, ongeza sukari.